Nilichokiona Ng'ambo ya Kijito

Niliolewa Kilungu nikitoka Kasikeu, miaka michache baada ya vita vya pili. Mume wangu alikuwa kibarua wa reli na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote tulikuwa wawili tu, mimi na mama mkwe wangu, mwanamke mpole ambaye hakuwa mtu wa kanisa. Nilimwita mwaitu, yaani mama, kama ilivyo desturi yetu Wakamba.

Katika mwaka wa kwanza nilijifungua mtoto wa kiume. Aliishi siku tatu. Baada yake miaka miwili ikapita bila dalili yoyote.

Aliyenishika mkono wakati huo alikuwa mwalimu wa darasa la ubatizo la wanawake. Alikuwa mjane wa rika la mama yangu, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimisha unyamaze ndipo uisikie. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Kidole chake kilitembea chini ya herufi na changu kikafuata, mpaka siku moja nikasoma mstari mzima peke yangu akacheka kama msichana. Mtoto wangu alipokufa, wanawake wengine walikuja kuniambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Yeye alikuja na jembe lake, akanipalilia shamba siku nne mfululizo, kisha akaenda zake.

Kanisa letu lilikuwa dogo, la kuta za udongo na mabati machache yaliyopatikana kwa taabu. Mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi. Siku nyingine lilikuwa mikononi mwa mzee wa kanisa, mtu mwembamba mwenye miwani, aliyejua Biblia kama mkulima anavyojua mipaka ya shamba lake. Sheria aliyoishika kuliko zote ilihusu kijito kilichokuwa chini ya kanisa. Ng'ambo yake aliishi mundu mue, mganga mzee mwenye kuagua kwa kibuyu cha mbegu. Mkristo aliyevuka kijito kumwendea aliondolewa kwenye Meza ya Bwana, akakalishwa benchi la nyuma kabisa, na hakuna aliyemsalimia mpaka atubu mbele ya watu wote.

Mganga yule alikuwa baba mzazi wa mzee wa kanisa. Jambo hilo lilijulikana, tena lilikuwa fahari yetu. Mara nyingi mzee alisimama akashuhudia: "Nilimwacha baba yangu kwa ajili ya Bwana. Tangu nibatizwe, mguu wangu haujagusa maji ya kijito kile." Nasi tuliitika amina. Nilikuwa bado msichana, na moyoni nilidhani kwamba mtu anayeweza kumwacha baba yake hivyo hakika yuko karibu sana na Mungu.

Mama mkwe hakunisukuma. Alisema mara moja tu, tukichambua maharagwe.

"Mwanangu, mtoto wa kwanza kufa si dhambi yako. Lakini kuna mtu anayeweza kutuambia kwa nini wa pili haji."

"Mwaitu, unajua siwezi."

"Najua kanisa haliwezi. Nilikuwa nakuuliza wewe."

Nilikaa na neno hilo karibu mwezi mzima. Mwalimu nilipomgusia, aliniambia nisivuke, nivumilie. Niliomba, nilifunga, nikahesabu siku zangu. Asubuhi moja ya ukungu, kabla watu hawajatoka majumbani, nilichukua kuku mweusi aliyekuwa akitaga vizuri, nikamfunika kwa shuka kwapani, nikateremka.

Nilivuka. Maji yalikuwa baridi mpaka mifupani. Nikapanda ule upande wa pili nikapita katikati ya migomba, na boma la mganga lilipoanza kuonekana, mlango wa nyumba yake ukafunguliwa. Akatoka mwalimu wangu.

Alikuwa amebeba kibuyu na kiondo kitupu. Alifunga mlango taratibu, akajipangusa mikono kwenye kanga. Nilijitupa nyuma ya katani na kumbana kuku kifuani. Kuku akalia mara moja, mlio mfupi. Mwalimu akasimama, akatazama upande wangu kwa muda, halafu akashika njia ya chini. Nilijiambia kwamba hakuniona.

Sikuendelea mbele. Nilirudi nyumbani, nikamwachia kuku uani.

"Hukumkuta?" mama mkwe akauliza.

"Hakuwepo," nikasema.

Lazima niseme ukweli kuhusu nilichohisi siku ile, maana nimekuwa na miaka mingi ya kukichunguza. Kwanza niliona aibu, na mara moja nyuma ya aibu ikaja hasira. Yeye aliyenizuia! Yeye aliyeniambia nivumilie! Na nyuma ya hasira, chini kabisa, palikuwa na raha ndogo. Ikiwa yeye naye anakwenda huko, basi mimi si mbaya kuliko yeye. Nilijihisi mwepesi. Kabla jua halijapanda nilikuwa nimeshasahau mguu wa nani ulikuwa majini pamoja na wake.

Siku ya pili yake ilikuwa siku ya mwethya. Wakati huo serikali ilitaka milima yote ichimbwe matuta ili udongo usichukuliwe na mvua, na wanawake wa kila kijiji walikusanyika kwa zamu kuchimba pamoja. Kazi hiyo ya pamoja ndiyo tuliyoiita mwethya. Tulipanga mstari, jembe likaenda na wimbo, na wimbo ulipokwisha yakaanza maneno. Mimi nilikuwa mke mgeni, wa kutoka Kasikeu, tena sina mtoto. Nikisema jambo, mtu wa pembeni aligeuka akazungumza na mwingine kabla sijamaliza.

Siku hiyo mwalimu alichelewa. Mwanamke mmoja wa kwaya akauliza, "Mwalimu leo yuko wapi? Si kawaida yake."

"Labda amevuka kijito," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Majembe mawili matatu yakasimama.

"Kijito gani?"

"Nilimwona jana alfajiri. Alikuwa akitoka nyumbani kwa mundu mue."

Sasa mstari mzima ukasimama. Nyuso zaidi ya ishirini zilinigeukia. Tangu nifike Kilungu sikuwahi kutazamwa na watu wengi namna ile, isipokuwa siku ya kumzika mtoto wangu.

"Wewe ulikuwa wapi?" akauliza mmoja.

"Nilikuwa natafuta mbuzi aliyekatika kamba."

Hatukuwa na mbuzi. Pengine wengine walijua hatuna mbuzi. Hakuna aliyejali. Mwanamke wa kwaya alisogea karibu yangu, akanipa maji kwenye kibuyu chake, akasema kwa huruma kabisa, "Pole, dada. Ni mzigo mzito kuona jambo kama hilo. Tueleze vizuri." Alikuwa hajawahi kuniita dada.

Nilieleza vizuri.

Ijumaa tulikuwa na maombi ya akina mama. Yule wa kwaya akasimama, akafumba macho, akasema, "Tumkumbuke dada yetu mmoja, sitamtaja jina, ambaye shetani amemvusha kijito." Wanawake wakaguna kwa uchungu. Machozi ya kweli yalitoka. Sikuona unafiki wowote siku hiyo, na hata leo nikikumbuka siwezi kusema walikuwa wanafiki. Walimpenda mwalimu. Walikuwa wakilia. Na baada ya amina walibaki nje wakiulizana ni dawa gani aliyoitafuta. Juma lililofuata nilisikia kwamba alitaka dawa ya mume. Baadaye nikasikia kuwa marehemu mume wake hakufa bure. Mvua za Novemba zilipochelewa, nilimsikia mtu niliyemheshimu sana akisema, "Tunaomba mvua, na kumbe kati yetu kuna mtu wa namna hiyo."

Katika hayo yote mimi sikuongeza neno hata moja. Nilijipongeza kwa hilo. Nilisema nilichokiona tu.

Baraza la kanisa lilikaa Jumamosi moja ya mwezi huo, wazee watano kwenye benchi na mzee mwenye miwani katikati. Niliitwa kuwa shahidi. Mwalimu alisimama mbele yao, mikono mbele, kama alivyotufundisha sisi kusimama tukijibu maswali ya ubatizo.

Mzee mmoja wa pembeni ndiye aliyeuliza. "Mama, ni kweli ulikuwa nyumbani kwa mganga?"

"Ni kweli."

"Ulikwenda kufanya nini?"

"Hilo siwezi kusema."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi, mzee. Sikwenda kuagua. Zaidi ya hapo nilitoa neno langu kwa mtu."

"Neno kwa mganga?"

Akatazama benchi la wazee mara moja. Mzee wa miwani, ambaye maneno yalikuwa hayampigi chenga, siku ile hakusema kitu. Alikuwa akifungua Biblia yake na kuifunga, akiifungua na kuifunga. Nilidhani amehuzunika.

Ndipo wakaniuliza mimi. Nikaeleza habari ya mbuzi, sauti ikinitoka nyembamba. Mwalimu aligeuza kichwa akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anayesubiri mwanafunzi amalize kusoma sentensi. Nilipomaliza, aliwageukia wazee akasema, "Binti huyu amesema alichokiona. Msimsumbue tena."

Walimtenga siku ileile. Benchi la nyuma, bila Meza ya Bwana, mpaka atubu. Na kwa kuwa darasa lilihitaji mtu, na mimi ndiye niliyesoma vizuri kuliko wanawake wote waliobaki, walinipa mimi darasa lake.

Alikaa nyuma kule karibu miaka miwili. Hakuhama kanisa, hakukosa Jumapili hata moja. Alikuja mapema, akaketi, akaimba, na wakati wa mkate kupitishwa aliinamisha kichwa. Kisimani wanawake walimwacha achote peke yake, wakisogea kando na mitungi yao. Mimi pia nilisogea. Mara moja tu tulikutana uso kwa uso kwenye njia nyembamba ambapo hapakuwa na pa kusogea.

"Wanasoma?" akaniuliza.

"Wanasoma, mwalimu."

"Usiwaharakishe wenye macho mabovu. Waandikie herufi kubwa ubaoni."

Nikasema asante, akapita.

Mwezi wa nne baada ya kutengwa kwake, nilipata mimba. Je, nieleze jinsi nilivyofurahi? Nilipiga magoti nikamwambia Mungu asante kwa kuniona mwaminifu. Hivyo ndivyo nilivyoamini: kwamba nimeutetea ukweli na nimelipwa. Wanawake nao walisema hivyo hivyo, wakinishika tumbo. Lakini mimba ilipokua, imani ileile iligeuka ikaniuma. Kama Mungu hulipa kwa namna hiyo, basi anajua pia habari ya kuku. Mtoto akitulia kidogo tumboni, nilikuwa nikitoka jasho nikisema, sasa ameanza kudai. Niliishi miezi hiyo nikimwogopa Mungu ambaye nilikuwa nimemtengeneza mwenyewe, kwa kipimo cha matendo yangu. Binti yangu alizaliwa salama, mnene, mwenye kelele, na bado sikupata usingizi wa amani.

Mtoto alipokuwa ameanza kukaa, yule mganga mzee akafa. Tulimwona mzee wa kanisa akivuka kijito mchana kweupe, viatu mkononi, kwenda kumzika baba yake. Alimzika na ndugu zake wachache waliotoka mbali. Watu wa kanisa walibaki upande huu wakitazama, wasijue kama inafaa kulia.

Jumapili iliyofuata alisimama kutoa neno, lakini Biblia hakuifungua. Alivua miwani.

"Baba yangu alipofuka kabla hajafa," akasema. "Ndugu zangu walihamia mbali kutafuta malisho. Hakuwa na mtu wa kumpikia. Mimi nilikuwa nimewaambia ninyi, mara nyingi, kwamba sivuki. Niliona haya kuvuka. Nilimwomba dada yetu yule," akaonyesha benchi la nyuma, "ampelekee muthokoi na maji kila alfajiri. Chakula kilitoka nyumbani kwangu. Nikamwomba asiseme. Alipoitwa mbele ya baraza nilikuwa nimekaa hapa. Alinitazama mara moja. Mimi nikaiangalia Biblia."

Hakuweza kuendelea. Aliketi chini kwenye sakafu ya udongo, mtu mzima, akalia.

Nitakumbuka daima kilichofuata. Watu walimkimbilia. Wanaume walimwinua, wanawake wakaanza wimbo wa msamaha, na wengi wakalia naye. Walisema hawajawahi kuona unyenyekevu kama huo. Kabla ya saa sita alikuwa ameshasamehewa, na heshima yake ilikuwa imezidi ya jana. Yule aliyekaa nyuma alisalimiwa na watu wanne au watano. Walimwambia arudi mbele, kwamba jina lake ni safi. Hakuna aliyesema, "Tulikukosea." Na nje, chini ya mti wa mwatine wa kanisa, nilimsikia mwanamke wa kwaya akisema, "Lakini naye angesema mapema. Na lisemwalo lipo. Nani ajuaye kama alfajiri zote zilikuwa za muthokoi tu?"

Nilielewa siku ile kwamba hawatakubali kamwe kuwa walimwonea bure. Ingewabidi wakumbuke maombi ya Ijumaa, mitungi kisimani, mvua ile. Ni rahisi zaidi kumbakizia mtu kadoa kadogo.

Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kwake. Alikuwa akitwanga. Hakuacha kutwanga nilipobisha hodi, ila alisogeza kigoda kwa mguu.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile sikuwa natafuta mbuzi."

"Najua. Ulikuwa na kuku."

"Uliniona?"

"Nilimsikia kuku, kisha nikaona shuka yako. Niliifahamu, ndiyo uliyomzikia mtoto ukaibakiza nusu."

"Kwa nini hukuwaambia wazee?"

Akaweka mchi chini. "Ungetengwa na wewe. Mtu aliyekwisha kumzika mtoto, nimwongezee benchi la nyuma?" Akamtazama binti yangu aliyekuwa akichungulia begani mwangu. "Tena nilifikiri utasema mwenyewe. Nilijua unasoma vizuri, nikajua utafika tu. Basi nikangoja."

"Miaka miwili?"

"Wiki ya kwanza nilingoja kila siku. Baadaye nilizoea."

Nililia. Hakunibembeleza, wala hakunifukuza. Nilipomwuliza kama amenisamehe alisema ndiyo, alisema ni tangu zamani, lakini alilisema kama mtu anayeeleza kazi iliyomchosha sana. Kisha akasema, "Hilo la kwangu limekwisha. Walioambiwa ndio hawajaambiwa."

Siku ya mwethya iliyofuata, mstari ulipopumzika, niliwaambia wote. Niliwaambia habari ya kuku, ya ukungu, na kwamba hatukuwahi kuwa na mbuzi. Walinitazama, lakini si kwa macho yale ya mara ya kwanza. Mmoja akapangusa jembe lake. Mwingine akasema, "Basi, mambo ya zamani." Halafu mtu akaanzisha wimbo, na kazi ikaendelea. Habari ya kwanza ilikuwa imefika vijiji vitatu kabla ya jua kuzama. Hii haikutoka kwenye tuta lile. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kuibeba.

Nilikwenda pia mbele ya baraza nikayarudia. Mzee wa miwani ndiye aliyesoma uamuzi, na sauti yake ilikatika katikati: miezi sita benchi la nyuma, na darasa niliache. Mume wangu alirudi mwisho wa mwezi akakasirika kwamba nimejianika bila kulazimishwa. Mama mkwe alisema tu kwamba kosa lilikuwa lake, na kwa mara ya kwanza akanisindikiza kanisani, akaketi nami.

Mwalimu alikuwa hajakubali kurudi mbele wala kuchukua tena darasa. Alisema amelizoea benchi lile, na kwamba lina hewa. Kwa hiyo miezi sita ile tulikaa bega kwa bega, kitabu kimoja cha nyimbo kati yetu, maana macho yake yalikuwa yameanza kupungua na mimi ndiye niliyemsomea maneno. Mkate ulipopitishwa, alikuwa na ruhusa ya kula. Hakula hata siku moja mpaka adhabu yangu ilipokwisha. Sikumwomba afanye hivyo, wala yeye hakueleza.

Miaka ya hamsini ilipokuwa katikati, alihamia Ikutha kwa binti yake aliyeolewa huko. Aliondoka kwa lori la mbuzi, ameketi mbele na dereva, kiondo magotini. Tulioagana naye tulikuwa wachache. Mzee wa kanisa alikuja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na nadhani alitaka kusema jambo, lakini lori liliwashwa.

Nilifika Ikutha mara moja tu, kwa mkutano wa akina mama, alipokuwa ameshafariki. Ni nchi ya joto na miiba, mbali na baridi yetu ya Kilungu. Wenyeji waliposikia nimetoka wapi, mama mmoja alinivuta kando akaninong'oneza, "Samahani dada, tulikuwa na mwalimu wetu hapa, aliyetoka huko kwenu. Wanasema alikuwa ametengwa kwa ajili ya uganga. Ni kweli?"

Maneno yale yalikuwa yamesafiri siku nzima ya lori, yakavuka mito yote mikavu, yakamfikia hata huku.

Nikawaita wote waliokuwa karibu, nikawaeleza tangu mwanzo, na sehemu yangu nikaisema kwanza. Walisikiliza. Nilipomaliza, yule mama akasema, "Alitusomesha miaka minne. Hakuwahi kututajia mtu yeyote wa huko."

Kisha akaniuliza kama ningependa kuliona kaburi, nasi tukaenda.